TAHADHARI: Anayejiita fundi wa kufufua breki za pikipiki za zamani hapa Tanga

Ndugu zangu wapenda pikipiki za zamani, hasa mlioko Tanga, Muheza na Pangani, ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na sijui ni ipi iliyo kubwa kuliko nyenzake. Honda CB750 ya marehemu baba, pikipiki ya zamani iliyokaa miaka 11 chini ya turubai pale Chumbageni, wengi wenu mnaifahamu, kwa hiyo sitakirudia kisa chake. Nimetapeliwa na mtu anayejinadi kufufua kalipa za breki za diski, yaani kile kibanio chenye pistoni inayosukuma pedi zibane diski ya gurudumu, na kazi yake nusura inizike Jumamosi iliyopita kwenye barabara ya Muheza. Kibaya zaidi ni kwamba wawili kati yenu mlimpelekea kalipa zenu kwa sababu nilimsifia mimi. Nawaomba radhi, na nawasihi msizipande hizo pikipiki mpaka mmesoma haya yote.

Nilimfikia kibandani kwake Ngamiani baada ya sala ya alasiri, kalipa nimeifunga kwenye gazeti. Kabla sijakaribia aliinuka, akanifutia kiti kwa mkono wake, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu. Nilipomwitikia na kumuuliza amenifahamuje, alisema kaka yake nilimfundisha fizikia kidato cha tatu, akamtaja na jina, na kweli lilikuwa jina la mwanafunzi wangu. Leo najua kwamba jina kama hilo mtu hulipata kwa kuuliza swali moja tu kijiweni, lakini siku ile nilivimba kichwa.

Akaifungua ile karatasi taratibu, akaigeuza kalipa mikononi, akakwangua kwa ukucha ule unga mweupe ulioganda mdomoni mwa silinda, akaunusa. "Hii ni chumvi ya bahari, mwalimu, pamoja na maji yaliyoingia kwenye mafuta. Pistoni imeliwa." Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani, na pikipiki ikikaa bila kutumika unyevu huo huila pistoni polepole, kromu ikapata vishimo, na alumini ya silinda ikatoa unga kama chokaa. Tapeli mjinga ningemtambua mlangoni. Huyu aliyataja maradhi yote kama tabibu, kisha akauza maji ya bomba badala ya dawa.

Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi 180,000, ndani yake ikiwemo pistoni mpya ya chuma kisichoshika kutu, sili mpya (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje), washa mpya za shaba (vipete bapa vya kuzibia maungio), kulainisha pini ambayo kalipa huchezea, na kusafisha kijia cha sili, yaani mfereji inamokaa. Nilipotoa fedha zote alinizuia mkono. "Lipa 100,000 tu, mwalimu wangu. Ukipanda ukaridhika, ndipo unimalizie." Niambieni, nani kati yenu angemshuku mtu anayezikataa fedha? Nilimwachia kalipa, na pamoja nayo pedi mbili za mviringo ambazo baba alizihifadhi ndani ya boksi lake bila kuzitumia, ili azilinganishe na zilizochakaa.

Siku ya nne nilirudi. Alikuwa ameitandikia kalipa kitambaa cheupe juu ya meza, imepakwa rangi nyeusi mpya, na pistoni iling'aa kiasi kwamba niliuona uso wangu ndani yake. Pembeni kulikuwa na kiboksi chenye maandishi ya Kijapani. Akaushika mkono wangu, akaweka dole gumba langu juu ya pistoni, akasema, "Sukuma wewe mwenyewe." Nikasukuma, nayo ikaingia kwa ulaini kama kisu kwenye papai lililoiva. Nilicheka, na nadhani nilisema "Mashallah" kwa sauti. Nilipouliza sili ya zamani na pistoni ya zamani ziko wapi, alijibu kwamba zilioza mno, amezitupa ili zisimchafulie meza. Kisha akanipa chupa ya mafuta ya breki kama zawadi, "kwa heshima ya kaka." Nikaipokea. Mimi, ambaye humkemea mwanafunzi anayemimina kitu ndani ya chombo bila kukijua!

Nilifunga kalipa mwenyewe nyumbani, nikamimina mafuta yale, nikatoa upepo kwenye niple, kile kitundu cha kutolea hewa, mpaka vipovu vikaisha. Juma la kwanza nilizunguka Raskazone tu, na breki ilishika vizuri ajabu. Nikamtumia shilingi 80,000 zilizobaki kwa simu, pamoja na ujumbe wa shukrani ambao nikiusoma leo masikio yanawaka. Juma la pili mkono wa breki ulianza kuwa mgumu kama jiwe, nami, kwa akili yangu yote ya fizikia, nikaona hiyo ni dalili ya kazi nzuri.

Jumamosi nilitoka saa mbili asubuhi kwenda Muheza. Pikipiki ilikuwa nzito, nikazilaumu kabureta. Nikasikia harufu ya kuungua, nikalisingizia lori lililokuwa mbele yangu. Kabla ya kufika Pongwe, daladala ikasimama ghafla kushusha abiria, nikavuta breki ya mbele, na mkono ukaja wote mpaka kwenye mpira wa usukani bila kukutana na kitu chochote. Kumbukeni kwamba CB750, ilipotoka mwaka 1969, ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na breki ya diski mbele, lakini ni diski moja, kalipa moja, pistoni moja. Ikikukimbia hiyo, mbele huna breki nyingine. Kilichoniokoa ni breki ya nyuma ya drumu, inayovutwa kwa fimbo ya chuma na isiyohitaji mafuta wala fundi wa Ngamiani. Niliteleza nikaingia mchangani katikati ya wauza machungwa. Mama mmoja alinipa pole kwanza, kisha akanidai tenga lake, na nililipa. Diski ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa moto.

Jioni ile jirani yangu, ambaye ni fundi wa kweli wa magari, alinisaidia kuifungua. Pistoni haikutoka kwa mkono, ikabidi kuisukuma kwa mgandamizo wa pampu. Haikuwa mpya. Ilikuwa ile ile ya baba, vishimo vyake vimezibwa kwa gundi ya chuma, vikapigwa msasa na kung'arishwa, ndiyo maana iliteleza chini ya dole gumba langu. Sili ilikuwa ile ya zamani, imevimba hata haikurudi tena kwenye kijia chake, na kijia chenyewe kilikuwa bado kimejaa ule unga mweupe. Pini ya kuchezea ilikuwa na kutu yake ya asili, haijaguswa kabisa. Pedi zilikuwa zile zilizochakaa, zimesuguliwa nyuso.

Mafuta niliyapima mwenyewe. Nilimimina kidogo ndani ya glasi ya maji, na yakaelea juu. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 huchanganyika na maji. Haya yalikuwa mafuta ya injini au jamaa yake, yametiwa kwenye chupa iliyokwisha kutumika. Hapo nikaielewa ajali yangu yote. Sili ya breki ni pete ya mpira ambayo ukiikata, mkato wake una pembe nne. Ukibana breki hujipinda pamoja na pistoni, ukiachia hujinyoosha na kuirudisha nyuma kidogo, kiasi cha pedi kuachana na diski. Mpira wa namna hiyo haupatani na mafuta ya injini, huvimba. Ukivimba huing'ang'ania pistoni, pedi zikaendelea kusugua diski njia nzima, joto likapanda, na unyevu uliobaki ndani ya kalipa ukageuka mvuke. Kimiminika hakibanwi, mvuke hubanwa. Miaka 26 nimeiandika ubaoni kanuni ya Pascal, kwamba mgandamizo husambaa sawasawa ndani ya kimiminika, nikaja kuikumbuka nikiwa mchangani, nimezungukwa na machungwa. Sasa sili ya masta (silinda kuu ya breki iliyoko kwenye usukani) pia imevimba, na hosi, ule mpira unaopitisha mafuta, siiamini tena, hivyo kila kipande cha mpira kilichoguswa na zawadi ile lazima kitupwe.

Jumapili nilikwenda kibandani nikakuta kufuli. Simu haipatikani. Muuza mihogo wa jirani anasema kijana amehamia upande wa Korogwe, na kwamba mimi si wa kwanza kuulizia.

Mtu huyu hastahili huruma. Aliyekuibia kuku amekuibia kuku. Aliyekuuzia breki ya uongo amekuuzia kaburi na kukuachia ulipie sanda. Nataka akamatwe, arudishe fedha za kila mtu, kibanda kivunjwe, na kabla ya kupelekwa mahakamani apandishwe juu ya pikipiki yenye kalipa aliyoitengeneza mwenyewe, aendeshwe mpaka Segera huku kaka yake mwanafunzi wangu, kama kweli yupo, akitazama. Nimekwisha kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, na ile chupa pamoja na kiboksi chenye maandishi ya Kijapani nitavifikisha Tume ya Ushindani, kwa kuwa bidhaa bandia ni kazi yao. Wawili niliowataja tafadhali tufuatane, malalamiko ya watu watatu ni mazito kuliko ya mzee mmoja mwenye hasira.

Mnaouliza ningemjuaje mapema, dalili zilikuwepo. Hakutaka nikae wakati anafungua. Hakurudisha vipuri vya zamani. Rangi ilikuwa mpya mno kwa kazi ambayo uzito wake uko ndani. Na chupa ilikuwa imekwisha kufunguliwa, jambo ambalo kwa mafuta ya breki ni kosa hata kama mafuta ni halali. Sikumbuki mengine, nilikuwa ninajitazama kwenye pistoni.

Zile pedi mbili za baba bado anazo yule tapeli. Kwa ukongwe wa pedi hizo huenda zina asbesto, madini ambayo vumbi lake ni hatari, sizitaki kwa kuendeshea. Ni za mviringo, zina mstari mwekundu ubavuni, na nyuma ya bamba la kila moja baba alichora kwa msumari herufi mbili za kwanza za jina lake. Zikionekana zinauzwa Korogwe, Muheza au popote, mzuieni kwa maneno mazuri yule anayeziuza, mnipigie.