Barakoa za Purulia zinazouzwa Lubumbashi: igeuze kwanza, utazame ndani

Mnunuzi wa Lubumbashi aliyezoea kifwebe, barakoa ya mti ya Waluba na Wasongye, huigonga barakoa kwa kidole asikie mti unavyolia. Kwa barakoa za Chhau zilizopo katika duka moja la bidhaa za Kihindi katikati ya mji, kipimo hicho hakifai. Ndani hamna mti. Ni karatasi, udongo na kitambaa, na wepesi huo ndio uzuri wake.

Chhau ni ngoma ya mashariki mwa India yenye mitindo mitatu, kila mmoja ukiitwa kwa jina la mahali unakotoka. Mayurbhanj wanacheza uso wazi. Seraikella barakoa ni laini, yenye mapambo machache. Purulia ndiko kwenye macho makubwa na taji pana la shanga na manyoya. Zilizo dukani ni za Purulia tupu, ingawa muuzaji hatofautishi.

Mafundi wa kijiji cha Charida, huko Purulia, huanza na kalibu ya udongo. Huinyunyizia majivu laini ili karatasi isigande, kisha hubandika tabaka 8 hadi 10 za karatasi yenye gundi. Pua, nyusi na midomo hufinyangwa kwa udongo juu yake, kitambaa chepesi na tope hufunika yote, na baada ya kukaushwa juani na kusuguliwa ndipo uso hubanduliwa. Kwa hiyo ukingo wa nyuma hausemi uongo: pale utaona kama kitambaa kimeshika au kimeruka.

Tulizikagua mbili: Durga, mungu wa kike wa Kihindu, na Mahishasura, jini la umbo la nyati ambalo Durga huliua katika mchezo unaopendwa sana Purulia. Durga ni kazi ya kuaminika. Kitambaa kimeshika pande zote, macho yametobolewa, na waya za taji zimefungwa kwa uzi, hazikuachiwa gundi peke yake. Hilo ni jambo kubwa, maana wachezaji wa Purulia huruka, hujipindua hewani na kutua kwa magoti. Taji la gundi tupu litang'oka palepale.

Mahishasura ni pambo la ukutani. Macho yake yamechorwa tu, na ukiyatoboa mwenyewe udongo utapasuka kuzunguka tundu na kubeba rangi. Kuuzwa bei moja na Durga si haki kabisa.

Kikundi kitakachoivaa Durga kianze na dakika chache tu, kwani pumzi ni haba mle ndani. Jasho hulainisha karatasi, hasa kidevuni: funga kitambaa cha pamba kichwani na chini ya kidevu kabla ya kuvaa. Ukimaliza, ilaze kivulini, uso juu. Jua kali la ghafla hukausha udongo kabla ya karatasi, na hapo nyufa huanza.

Masika ya hapa ndiyo adui mkubwa. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 nyuma yake hewa ipite. Kiangazi, vumbi litolewe kwa brashi kavu, kitambaa chenye maji kamwe.

Duka hufunga mzigo kwa plastiki. Kataa, hutunza unyevu. Omba katoni na magazeti ya kujazia pembeni mwa taji, la sivyo waya zitapinda ndani ya teksi kabla hujafika nyumbani.