Nilivyomsikiliza Harnarayan Singh: uzoefu wangu

Wahamasishaji nimewasikiliza wengi, Nairobi na huku Calgary, Kanada. Naambiwa niwe na ndoto kubwa, napiga makofi, narudi nyumbani na daftari halina kitu. Safari hii nililipa kiingilio kwa sababu aliyekuwa anazungumza ni Harnarayan Singh, mtangazaji wa hoki ya barafuni, na sauti yake naijua.

Wengi tulimjua kwa goli moja. Tarehe 30 Mei 2016, mechi ya kwanza ya fainali ya Stanley Cup, kombe la ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, Nick Bonino wa Pittsburgh Penguins aliwafunga San Jose Sharks zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee. Singh, akitangaza kwa Kipunjabi, akalishika jina hilo: Bonino, Bonino, Bonino, hata ungedhani pumzi zimemwishia. Kipunjabi sikijui, lakini goli lile nililielewa. Penguins walipotwaa ubingwa, yeye na wenzake wakaalikwa Pittsburgh kwenye sherehe.

Tuliokulia Kenya tumezoea kuona Masikh na magongo; Avtar Singh Sohal alituchezea Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Lakini ile ni hoki ya nyasini. Harnarayan Singh alizaliwa Brooks, mji mdogo wa jimbo la Alberta wenye kiwanda cha nyama ambacho baadaye kiliwavuta wahamiaji wengi wa Afrika. Alikuwa mtoto wa kilemba anayempenda Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni, anatangaza mechi za kujitungia kwa maikrofoni ya kuchezea, na kwenye televisheni hamwoni mtangazaji wa hoki anayefanana naye.

Kilichonishika hasa ni habari ya nauli. Matangazo ya Kipunjabi yalipoanza 2008, studio ilikuwa Toronto, naye anakaa Calgary. Ni karibu saa nne angani. Alikuwa akienda na kurudi kila wikendi, na mwanzoni tiketi alijilipia kimyakimya, wakubwa wake wasijue, maana aliogopa wakijua watamtafuta mtu anayekaa karibu na studio. Mimi hufanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Najua uchovu wa Jumatatu. Hapo nilifunga daftari nikamsikiliza tu.

Halafu maneno. Hoki ya barafuni haikuwa na msamiati wa Kipunjabi, ikabidi wautengeneze. Puki, kile kidude bapa cha duara wanachokipiga kwa magongo, ikawa tikki, yaani kile kiazi cha kukaanga, jamaa ya katlesi zetu. Kiti cha mchezaji aliyetolewa kwa kosa kikawa sanduku la adhabu. Bibi asiyejua Kiingereza akaweza kukaa na mjukuu wake Jumamosi usiku, wote wakafuata mechi moja. Sehemu hii ningependa ichukue hata saa nzima. Kwangu ndiyo kazi yenyewe, kuliko lile goli lililomtangaza.

Waandaaji waliniudhi. Spika za nyuma zilikuwa zinakwaruza, na maswali yakapewa dakika chache mno. Mkono wangu ulibaki juu mpaka watu wakaanza kuvaa makoti. Na anayetaka apewe hatua za kufuata, moja mpaka kumi, hatazipata kwa mzungumzaji huyu. Anasimulia alivyofanya. Mimi hilo lilinitosha, na akija tena nitalipa.

Swali langu lilikuwa hili: ulianzaje kuchagua maneno? Watangazaji wetu wa soka walishatupa mlinda mlango, nyavu, mpira wa adhabu. Ya barafuni nani atatupa? Nairobi wapo Kenya Ice Lions, vijana waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, na mwaka 2018 wakaletwa Toronto wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa hoki ya barafuni. Nimemwomba binamu yangu anirekodie mechi yao moja kwa simu. Itakapofika nitaitangaza mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, hapa sebuleni, na puki nitaiita kisahani.