Hori la mawe ya Kisii: linafaa, ila kagueni masikio ya kondoo

Nimenunua seti ya hori la Krismasi, yaani vinyago vya kuzaliwa kwa Yesu, ya mawe ya Tabaka kule Kisii, kwa muuza vinyago hapa Kisumu. Shilingi 1,800 baada ya kuvutana sana. Yusufu amechongwa vizuri, mgongo umeinama kidogo, taa mkononi. Mtoto na hori ni jiwe moja, kwa hiyo wajukuu hawatampoteza. Mamajusi ni watatu, ingawa Mathayo hakutaja idadi. Nimewaweka mbali, juu ya redio, wafike Januari 6, sikukuu yao ya Epifania.

Wachungaji ndio walionigusa. Luka anasema walikuwa wakilinda kundi kwa zamu usiku. Mzee wangu ni soja wa usiku, na akirudi alfajiri tunakunywa chai mbele yao. Habari ya Mwokozi ilianza kupewa watu wa kazi yake! Basi mimi siwafungi kwenye katoni sikukuu ikiisha. Watakaa hapo kando ya kopo la sukari mwaka mzima.

Kasoro: kondoo mmoja alifika bila sikio, maana muuzaji alifunga vyote kwa gazeti moja tu. Nendeni na vitambaa vyenu. Ng'ombe naye amepakwa rangi nyeusi inayotoka ukimlowesha, mpanguseni kwa kitambaa kikavu.