Uzoefu Wangu: Kutafuta Muziki kwa Neno "Emo" Peke Yake

Nimelitumia neno "emo", jina la aina ya roki yenye hisia kali iliyotokana na panki, kutafutia muziki kwenye programu ya kusikiliza nyimbo mtandaoni kwa muda wa kutosha kulipima, na nalipa nyota tatu kati ya tano. Wapo wanaosema neno hili limeshakufa, lifutwe. Siafikiani nao hata kidogo. Maana linayo, ila programu haiijui.

Ukiandika "emo" ukaishia hapo, unaletewa My Chemical Romance, Fall Out Boy na Paramore. Kinachosikilizwa na wengi ndicho kinachotangulia, na bendi hizo zilivuma mno katikati ya miaka ya 2000. Rites of Spring wa Washington, D.C., waliotoa albamu yao mwaka 1985 na ndio wanaotajwa sana kuwa chanzo, hata ukishuka vipi huwaoni. Ukiandika jina lao, anawatangulia Stravinsky, mtunzi wa muziki wa kiklasiki mwenye kazi iitwayo "The Rite of Spring". Embrace, bendi ya Ian MacKaye ya miaka hiyo hiyo, inasumbua zaidi, kwa sababu Uingereza nako kuna bendi inayoitwa Embrace, tena yenye wasikilizaji wengi. Fungua albamu, shuka mpaka mwisho kwenye mstari wa hakimiliki. Ukikuta Dischord, lebo ya MacKaye, umefika.

Usiuamini mwaka unaoandikwa. Albamu ya kwanza ya American Football ni ya 1999, lakini toleo lake lililoongezwa nyimbo ni la 2014, hivyo ukichuja kwa miaka ya 90 inaweza kukupita. Isitoshe, bendi hiyo ina albamu tatu zinazoitwa jina lake tu: ya 1999, ya 2016 na ya 2019. Tofautisha kwa jalada. Ya kwanza inaonyesha nyumba kwa nje, ikitazamwa kutoka chini. Ya pili imepigwa picha ndani.

Hiyo ya 1999 ndiyo silaha kubwa ya wanaolikataa neno, na hoja yao naiheshimu. Sikiliza gitaa la wimbo wake "Never Meant". Limetuniwa F-A-C-G-C-E: uzi mnene wa E unapandishwa nusu toni kuwa F, wa D unashushwa toni nzima kuwa C, wa B unapandishwa nusu toni kuwa C, na nyuzi tatu zilizobaki haziguswi. Zikidonolewa wazi, moja moja, zinaitikiana zenyewe. Mpiga dramu, Steve Lamos, ndiye pia anayepuliza tarumbeta kwenye albamu hiyo. Ukitoka hapo ukaenda kwa Rites of Spring, unakutana na panki ya kasi na mwimbaji anayepiga kelele mpaka koo linakauka. Mtu aliyezisikia mara ya kwanza atakataa katakata kwamba hizi zina jina moja, na kwa sikio peke yake ana haki.

Sasa fuata watu. Mike Kinsella wa American Football alianzia kwenye dramu za Cap'n Jazz, bendi ya vijana wa pembezoni mwa Chicago. Davey von Bohlen, mpiga gitaa wa Cap'n Jazz, akaenda kuanzisha The Promise Ring huko Milwaukee. Hata My Chemical Romance, ambao wazee wa mambo huwatoa nje ya boma, albamu yao ya kwanza ya 2002 ilisimamiwa studio na Geoff Rickly, mwimbaji wa bendi ya Thursday. Gerard Way, mwimbaji wa My Chemical Romance, amelikana jina hili hadharani, na MacKaye alilikana zamani, lilipokuwa bado "emocore". Sawa, lakini mtu akikana ukoo, damu haibadiliki. Hivyo ndivyo ninavyolisoma neno emo, kama jina la ukoo, na kwa kazi hiyo linafaa sana.

Kwa hiyo lisindikize na mji na muongo. Kwa majimbo ya kati-magharibi ya Marekani ya miaka ya 90, anza na Cap'n Jazz, kisha albamu ya The Promise Ring ya 1997 na ya Braid ya 1998. Mineral wa Texas waweke jirani, wanaelewana. Kwa Washington, 1985 hadi 1987 inatosha. Ukitaka daraja la kukuvusha kwenda miaka ya 2000, chukua Jimmy Eat World: albamu yao ya 1999, halafu ya 2001. Zisikie kwa mfuatano huo na utausikia mlango ukifunguka. Emo rapu, yaani rapu iliyochukua hisia za emo, nimeitenga kwenye pleilisti yake, kwa kuwa undugu wake uko zaidi kwenye maneno na sampuli (vipande vya nyimbo vilivyokopwa) kuliko kwenye bendi.

Zima kile kipengele kinachoendeleza nyimbo chenyewe pleilisti inapoisha. Ukikiacha, Braid akimaliza tu unarudishwa 2005.