Skrini ya vipimo ya mashine ya kukerezea: nimeuziwa ya pili bila sababu, ugonjwa ulikuwa kwenye skeli

Msinunue. Basi, ngoja nieleze kwanza, maana hasira yangu ni kwa muuzaji zaidi kuliko kwa kifaa.

Kifaa chenyewe ni kisanduku chenye skrini, na skeli, yaani rula za kioo zilizofungwa kwenye mashine, kila moja na kichwa chake cha kusomea na kebo: moja ya Z (mwendo wa urefu wa mashine), nyingine ya X (kuingia na kutoka, ndiyo ya kipenyo). Z ndiyo iliyoanza kuruka namba. Unasogeza kareji, ile sehemu inayobeba kisu, unairudisha palepale kwenye stopa, na badala ya 0.000 unakuta 2.615. Ukirudia, inakuja namba nyingine kabisa. Kwa kazi za hapa Malindi, shafti za boti na viti vya beringi, kosa la milimita 0.02 tu linatosha beringi icheze. Milimita mbili na nusu ni chuma cha kutupa.

Nikapiga simu dukani. "Bosi wangu, hiyo imekufa, chukua nyingine. Nyinyi wa Malindi chumvi inawamalizia vitu." Hakuuliza swali hata moja! Hakuuliza kama namba zinaruka kareji ikitembea au ikiwa imesimama. Hakuuliza kama X iko sawa. Nikalipa, kisanduku kipya kikaja, nikakichomeka. Z ikaruka vilevile.

Jaribio ambalo angenielekeza kwenye simu halimalizi dakika 5. Zima umeme. Chomoa kebo zote mbili nyuma ya kisanduku, ya Z iingie tundu la X na ya X iingie tundu la Z. Washa. Ugonjwa ukihama na kebo, basi uko kwenye skeli, kichwa cha kusomea au kebo yenyewe. Ukibaki kwenye tundu lilelile, hapo ndipo kisanduku kina kesi ya kujibu. Angalia tu kwamba X mara nyingi imepangwa kusoma kipenyo, kwa hiyo ukisogeza 10 itaandika 20. Hilo si kosa. Kwangu ugonjwa ulihama na kebo, na kisanduku cha zamani kilikuwa kizima.

Namna kosa linavyokuja ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta. Likiwa dogo na halibadiliki, mfano 0.08 kila unapogeuza mwendo, kaza breketi ya kichwa. Inapinda kidogo kabla kichwa hakijafuata. Likikua kadiri unavyokwenda mbali, skeli haiko sambamba na reli. Funga dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo) kwenye kareji, iguse mwili wa skeli, tembea urefu wote: isizidi 0.1, juu na ubavuni. Namba zikikimbia kareji imesimama, hasa mota inapowaka au jirani anapochomelea, tafuta waya wa athi. Pima kwa mita kutoka mwili wa skeli hadi mwili wa mashine, isizidi omu 1.

Kosa lisilo na mpangilio, kama langu, ni uchafu au ukungu ndani. Kioo cha skeli hizi kina mistari kila milimita 0.02, taa inapita katikati yake, na kila mstari unagawanywa mara nne kupata 0.005. Mwanga ukizibwa, hesabu inapotea na hairudi. Nilipofungua kifuniko cha mwisho na kuchomoa kichwa, kioo kilikuwa na utando mweupe kama bilauri ya maziwa isiyooshwa, na chenga nyembamba ya chuma imelala karibu na ncha. Midomo ya mpira, inayoziba mwanya anapopita kichwa, ilikuwa imefungwa ikitazama juu, inapokea kila kitu. Waliofunga ni wao haohao wa duka.

Spiriti ya isopropili, kitambaa kisichoacha nyuzi, futa upande mmoja tu, usisugue. Geuza skeli midomo itazame chini, acha nafasi ya milimita 1 kati ya kichwa na mwili. Na tafadhali msipulize skeli kwa kompresa. Hewa yetu huku, msimu wa kusi hasa, inatoka na maji, na presha inasukuma chenga kupita midomo ile. Utaona umesafisha, kumbe umepaka.

Tangu hapo inarudi 0.000, ikikosa sana 0.005. Kwa hiyo lile neno la juu nalifuta: kifaa ni kizuri, nunueni, kazi ya vipenyo imekuwa nyepesi mno. Ila fungeni wenyewe.

Duka nimeliomba lirudishe nusu ya pesa ya kisanduku cha pili, ambacho bado kina nailoni yake kiooni. Nimejibiwa kwamba kikishachomekwa hakirudi. Kimechomekwa kwa sababu nyinyi mlisema kichomekwe! Hapana, hapo sifuti kitu. Kwao msinunue hata skrubu.