Fundi wa Goba anayepokea gari moja kwa wakati

Naanza na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila aliyeliona gari langu. Nililipa shilingi 280,000 kwa kazi nzima ya kusafishiwa na kung'arishiwa gari, ndani na nje, taa za mbele zikiwamo. Vijana wanaoosha magari kando ya barabara hapa Dar es Salaam huniosHea RAV4 yangu kwa 10,000, na ukitaka vakyumu na kung'arishiwa dashibodi unatoa 15,000. Tofauti si ndogo. Kwa hela hiyo nilijipa haki ya kukagua kila kitu, na nilikagua kweli. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kukagua usafi ni kazi iliyonilea.

Kijana huyu hana fremu wala bango. Anafanya ditelingi, yaani kusafisha na kung'arisha gari kwa undani, nyumbani kwake Goba, kwenye banda la gari lililoungana na ukuta wa nyumba, lenye sakafu ya zege na taa ndefu nyeupe ukutani pande zote mbili. Gari likiwamo, nafasi inayobaki ni ya mtu mmoja kupita akiwa na ndoo. Ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu wateja alionao wanamtosha na hataki foleni mbele ya geti la mama yake. Sitamtaja. Lakini nataka kueleza anavyofanya kazi, ili na wewe ukimpata wa kwako, awe Kimara au Mbagala, ujue uangalie nini.

Shida yangu kubwa ilikuwa harufu. Gari lilikuwa linanuka kama nguo zilizokunjwa mbichi, na wajukuu walishaanza kulisema mbele za watu. Lilikuwa limeoshwa ndani mara nyingi, likapuliziwa marashi, likatundikwa vile vikaratasi vya kunukia kwenye kioo. Siku mbili tatu harufu inatulia, kisha inarudi pale pale.

Nilipofika aliniamkia, akanikaribisha maji ya kunywa, halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na yeyote kati ya wale walioshika pesa yangu kabla yake: "Mama, harufu inazidi ukiwasha AC, au hata ikiwa imezimwa ni ile ile?" Nikamwambia inazidi dakika za kwanza ukiwasha. Akafungua mlango wa abiria wa mbele, akatandika karatasi za tishu juu ya kapeti, akakandamiza kwa kiganja. Zikanyanyuka zimelowa chepechepe. Na hatukuwa na mvua wiki ile.

"Haya ni maji ya AC," akasema, akaingia uvunguni.

Maelezo yake nimeyashika vizuri. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye kile kipoozeo cha AC nyuma ya dashibodi inaacha maji, na maji hayo hutoka kwa kijibomba kidogo cha mpira na kudondoka chini ya gari. Ndiyo maana gari lenye AC nzima likisimama huku inafanya kazi utaona tone tone ardhini. Kijibomba kikizibwa na tope au takataka za majani, maji yanakosa njia na kurudi ndani, chini ya kapeti, kwenye sponji ambayo jicho haliioni wala kitambaa hakiifikii. Humo ndimo ukungu unapokaa na kustawi. Alipuliza upepo wa kompresa kwenye kijibomba, na maji meusi yakamwagika sakafuni mbele ya macho yangu.

Basi kazi ya ndani ikageuka. Aling'oa viti vya mbele, akainua kapeti, akaitoa sponji na kuikausha juani, kisha ndani kwa feni. Gari lililala kwake usiku wa ziada kwa sababu alikataa kurudisha kapeti juu ya sponji yenye unyevu hata kidogo. Filta ya hewa ya AC, ile inayokaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, alinitumia picha yake: nyeusi, imejaa majani ya mwarobaini. Mpya nilinunua kwa hela ya pembeni. Viti alivisugua kwa brashi laini na dawa aliyoizimua kwa maji, kisha akaivuta dawa yote na uchafu wake kwa vakyumu inayonyonya maji. Hakupuliza marashi yoyote. Nilipolichukua lilikuwa halinuki kitu, na masika yote yamepita halinuki kitu. Nimeieleza harufu kwa kirefu kwa sababu kwangu mimi hapo ndipo 280,000 ilipojilipa.

Sasa nje. Gari langu ni jeusi, na wenye magari meusi mnajua. Ukilitazama kivulini ni zuri, likipigwa na jua unaona mikwaruzo myembamba isiyohesabika inayozunguka. Alinionyesha inakotoka: ni kwenye uoshaji wa barabarani. Kitambaa kinachofuta rimu ndicho kinachopanda kwenye boneti. Sponji inaanguka mchangani, inachovywa kwenye ndoo ile ile, inarudi mlangoni. Sabuni ya unga ya kufulia inamaliza nta yote, kisha gari linaachwa likauke juani. Kwake kuna ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia, zote zina wavu chini ili mchanga ukishatua usirudi kwenye kitambaa. Ndoo ya rimu iko peke yake. Vitambaa vya maikrofaiba vimepangwa kwa rangi: vyekundu vya rimu na matairi, vya buluu vya bodi, vya njano vya ndani, na kila rangi ina kapu lake. Wodini tulifanya vivyo hivyo, dekio la chooni halikuonekana kamwe karibu na kitanda cha mgonjwa, na nilipoyaona yale makapu moyo wangu ulitulia kabisa.

Kabla ya kugusa mashine ya polishi alitoa kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, akaanza kukigusisha gari zima, huku akiandika kwenye daftari. Milango ilisoma maikroni 110, 118, 121 (maikroni elfu moja ni milimita moja), ambazo alisema ni za kawaida kwa rangi ya kiwandani. Bampa hazipimiki kwa kifaa chake kwa sababu ni plastiki. Boneti ikasoma zaidi ya 250, yaani imewahi kupakwa rangi juu ya rangi. Halafu ubavu wa nyuma, kushoto, kifaa kikapanda kupita 600. Akapima tena, akasogea kidogo, akapima tena.

"Mama, hapa pamejazwa puti ya kuziba bonde. Gari hili limewahi kugongwa."

Aliyeniuzia aliniapia kwamba halijaguswa tangu litoke Japani. Hilo ni lake na Mungu wake. Ninachotaka mjue ni kwamba kifaa hiki kipo, kinashikika kiganjani, na fundi anayeanza kupiga polishi bila kukitumia anapapasa gizani. Polishi haifichi mkwaruzo, inakwangua. Tabaka la juu kabisa la rangi, lile la wazi liitwalo kliya, lina maikroni chache tu, kwa kawaida kati ya 40 na 50, na kila ukilipiga unapunguza. Likiisha limeisha, hapo dawa ni kupaka rangi upya.

Kwa hiyo milango, paa na mlango wa nyuma alivipiga hatua mbili, ya kukata na ya kung'arisha, kwa mashine ambayo sahani yake inazunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, hivyo joto halikai sehemu moja na kuunguza rangi. Boneti alikataa. Kliya yake ilikuwa imeanza kuchanika karibu na kioo, yale mabaka meupe yanayoonekana kama rangi inabanduka. Nilimwambia nitaongeza hela ajaribu. Akasema hapana, mashine itaibandua zaidi, na mimi nitakuwa nimelipia kuharibiwa gari langu. Akaisafisha, akaipaka nta, akanipa jina la fundi rangi wa kumwona siku nikiwa tayari.

Alikataa hela yangu mara ya pili pia. Nilikuwa nimesikia habari za seramiki, ile dawa inayopakwa juu ya rangi ikaganda na kuikinga, kila mwenye gari siku hizi anaizungumzia, nikataka kuwekewa. Kwake inaanzia 600,000. Aliniambia seramiki inafunga kile kilicho chini yake, kizuri kwa kibaya, na boneti yangu itapakwa rangi hivi karibuni, kwa hiyo kuiweka sasa ni kuitupa. Akanishauri nta nzuri kila baada ya miezi mitatu hivi, na nilipe seramiki baada ya rangi, nikiwa bado naitaka. Nimeishi na wafanyabiashara wa kila aina. Fundi anayeniambia nisinunue kitu chake cha bei kubwa namrudia mpaka nizeeke.

Taa za mbele zilikuwa za njano, usiku naendesha kwa kukisia. Vioo vya taa hizi ni plastiki, jua linakula ngozi yao ya juu. Barabarani huzipaka dawa ya meno wakazisugua, zinang'aa, na baada ya wiki chache zinarudi njano. Huyu alizungushia selotepu ya karatasi pembeni ili asiguse bodi, akapiga msasa wa maji kuanzia namba 800, akapanda 1500, akamalizia 3000, kisha polishi, kisha dawa ya kukinga jua. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Mpaka leo taa ni nyeupe.

Jambo moja la pale nyumbani lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia: maji. Kisima cha mtaa wao kina chumvi, na maji ya chumvi yakikaukia kwenye rangi nyeusi yanaacha madoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa. Ameweka mifereji kwenye paa la nyumba inayoshuka kwenye simtanki ya lita 1,000. Maji ya mvua hayana chumvi, basi anaosha kwa ya kisima na kusuuza mara ya mwisho kwa ya mvua. Kiangazi simtanki ikikauka hununua maji, na siku hizo hujitahidi kutumia machache. Maji machafu yanapita kwenye mtaro hadi shimo la kokoto na mchanga nyuma ya banda. Nilimuuliza kuhusu oili, maana majirani wana bustani za mchicha. Alinijibu kwamba injini haoshi kabisa: hana pa kuyapeleka maji yenye oili, na pia mashine ya presha kwenye injini inaingiza maji kwenye altaneta na plagi. Anafuta tu plastiki za juu kwa brashi na kitambaa. Mashine zake zinazimwa kabla ya magharibi na Jumapili hafungui. Jirani yake niliyemkuta getini, mama mmoja muuza vitumbua, alisema hajawahi kumsikia akisumbua watu.

Yapo yasiyonipendeza, nayo nimemwambia uso kwa uso. Kwanza, kusubiri. Kwa kuwa anapokea gari moja kwa wakati, nilikaa karibu mwezi kabla ya kupata nafasi, na gari la mtu wa kabla yangu lilipochelewa na siku yangu ikasogea. Kama una harusi Jumamosi usimtafute Alhamisi. Pili, barabara ya kuingia kwake ni ya udongo yenye mabonde. Unatoka na gari linalong'aa, na kabla hujafika lami limeshashika vumbi. Aliniambia nisilifute kwa kitambaa kikavu, nilimwagie maji kwanza nikifika. Tatu, hakuna pa kukaa. Nenda na mtu wa kukurudisha, au panda bodaboda hadi barabara kubwa.

La nne ndilo linaniuma. Alikuwa anapiga msasa wa taa na kupuliza dawa za rimu bila barakoa, ndani ya banda lenye mlango mmoja. Glovu anavaa, pua ameiacha wazi. Nimeona vifua vya mafundi rangi wakiwa na miaka arobaini, na sitaki kuona chake. Nilimnunulia boksi la barakoa nikamwambia hizi za karatasi ni za vumbi tu. Kwa dawa za kupuliza anahitaji ile ya mpira yenye filta, na feni ya kutoa hewa nje kabla hajafikiria kununua mashine nyingine yoyote. Alisema ameshaanza kuiwekea pesa feni. Nitamuuliza tena.

Kuhusu usalama wa gari linapolala kwake: siku ya kulikabidhi tulilizunguka pamoja, akapiga picha kila upande, pamoja na kilomita na mafuta kwenye dashibodi, akaandika kila mkwaruzo kwenye karatasi, tukasaini wote. Vitu vyangu vya ndani alivitia kwenye mfuko na kuufunga, hata sarafu za mia mbili zilizokuwa chini ya kiti nilizikuta humo. Anachukua nusu ya malipo siku ya kufunga miadi, kwa simu, na nusu ukiridhika. Risiti yake ni ya kuandika kwa mkono. Wa gari la ofisi anayehitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, amuulize mapema.

Boneti inaenda kwa fundi rangi mwezi ujao. Baada ya hapo narudi Goba kwa ajili ya nta, na nafasi nimeshalipia.