Uji wa alfajiri jirani na Nyerere Square

Julai Dodoma si mchezo. Mji uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri unapenya mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana matembezi yangu huishia kwa mama mmoja wa uji, jirani na Nyerere Square. Uji wa mtama, mzito, umetiwa unga wa ubuyu. Ule uchachu unakufumbua macho kabla joto halijafika tumboni. Kikombe ukikishika kwa mikono miwili, vidole vinafufuka. Vitumbua vya kawaida tu, mafuta mengi. Benchi linayumba, kaa upande wa ukutani. "Nikuongeze, baba?" huuliza, huku upawa ushamimina. Ikifika saa mbili, sufuria tupu.